Vuli katika Jiji la Jangwani: Lugha ya Majira na Mvua za Jeddah

Utangulizi

Katika masomo ya tafsiri, mwanafunzi wa Kiswahili hukumbana mapema na tatizo la majira ya nchi za mbali. Ulaya ina majira manne yanayohesabiwa kwa kalenda, ilhali Pwani ya Afrika Mashariki ina majira yake yanayohesabiwa kwa pepo na mvua. Majira yale ya Ulaya yanayoanza Septemba na kuishia Desemba, miti inapopukutisha majani na baridi kukaribia, hutajwa kwa Kiswahili kwa njia mbili hasa. Baadhi ya watafsiri husema "majira ya kupukutika majani", na wengine husema "vuli". Jina la kwanza linaeleza hali ya miti. La pili limeazimwa kutoka katika mvua fupi za Afrika Mashariki, ambazo hunyesha kati ya Oktoba na Desemba.

Makala haya yanalichunguza tatizo hilo mahali ambapo majina yote mawili yanatiwa majaribuni, yaani katika jiji la jangwani. Jiji lililoteuliwa ni Jeddah, bandari ya Saudi Arabia iliyo katika ufuo wa mashariki wa Bahari ya Shamu. Limeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni lango la Makka, na kwa karne nyingi Waswahili wamelipitia wakienda kuhiji. Pili, matukio ya mwisho wa Novemba katika jiji hilo yameonyesha kwamba msamiati wa hali ya hewa unaweza kuwa suala la uhai na mauti. Hoja kuu ya makala ni kwamba jina la majira lina thamani pale tu linapomweleza msomaji mbingu na ardhi ya mahali husika vitafanya nini. Mtafsiri anayechukua jina kutoka kwenye kalenda bila kuitazama ardhi yenyewe anaweza kumwacha msomaji wake katika hatari.

Majira na Majina Yake

Neno "msimu" limetokana na neno la Kiarabu mawsim, ambalo mzizi wake una maana ya kutia alama. Msimu, kwa asili, ni wakati uliotiwa alama. Kutokana na mzizi huohuo Waarabu wa bara wana neno wasm, ambalo ni jina la kipindi kinachoanza katikati ya Oktoba na kudumu kwa takriban siku 52. Mvua ya kipindi hicho husifiwa kuwa huitia ardhi alama ya majani mabichi, na wafugaji huingojea kwa hamu kwa sababu ndiyo inayoamua malisho ya miezi ijayo. Kwa hivyo, neno ambalo Mswahili hulitumia kwa majira yoyote yale lina undugu wa karibu na mvua za mwisho wa mwaka jangwani.

Neno la kawaida la Kiarabu kwa majira yanayofuata kiangazi ni kharif. Mzizi wake unahusu kuchuma matunda, kwa kuwa katika nchi nyingi za Waarabu huo ndio wakati wa kuvuna tende na matunda mengine. Hata hivyo, katika jimbo la Dhofar, kusini mwa Oman, watu wanaposema kharif wanamaanisha miezi ya Juni hadi Septemba, wakati pepo za kusi zinapoleta ukungu na manyunyu na kuigeuza milima kuwa ya kijani. Lugha ni moja na neno ni moja, lakini majira yanayotajwa ni mawili tofauti. Ni wazi kwamba hata wenye lugha hawakubaliani juu ya maana ya jina la majira wanapoishi chini ya mbingu zisizofanana.

Kiswahili nacho kina utaratibu wake. Kaskazi na kusi ni majina ya pepo ambayo pia ni majina ya majira. Masika ni mvua za mwaka zilizo ndefu. Kipupwe ni baridi ya katikati ya mwaka. Demani ni wakati wa kusi kulegea, na vuli ni mvua fupi za mwisho wa mwaka. Hakuna hata jina moja kati ya haya linalotokana na majani ya miti. Mkulima wa Kitui au Machakos anapoitaja vuli, mawazo yake yapo kwenye mbegu na jembe, kwa maana katika sehemu hizo mvua za vuli ndizo zinazotegemewa zaidi kwa kilimo kuliko zile za masika. Vuli kwake ni ahadi ya maji.

Hali ya Kawaida ya Mwisho wa Mwaka Jeddah

Jeddah liko takriban nyuzi 21.5 kaskazini mwa Ikweta, yaani kusini kidogo mwa Tropiki ya Kansa. Mwezi wa Julai joto la mchana hukaribia nyuzi 39 za Selsiasi, na mnamo Juni 22, 2010 lilifika nyuzi 52. Mwishoni mwa Novemba joto la mchana huwa limeshuka hadi nyuzi 31 au 32, nalo la usiku hadi nyuzi 22 hivi. Mtu wa Mombasa anayefika huko wakati huo hawezi kuiita hali hiyo baridi. Tena, kwa kuwa jiji liko ufuoni, fukuto halikomi kabisa, maana unyevu wa bahari huendelea kuikalia hewa hata baada ya jua kupoteza ukali wake.

Katika mandhari hiyo hakuna msitu unaogeuka rangi wala majani yanayojaza njia. Mitende haipukutiki, na miti iliyopandwa kandokando ya barabara hunyweshwa maji mwaka mzima. Kwa sababu hiyo, tafsiri ya "majira ya kupukutika majani" ikitumiwa kwa Jeddah inataja jambo ambalo wakazi hawalioni. Mabadiliko wanayoyaona ni mengine. Watu hutoka nje jioni, familia huketi ufuoni hadi usiku, na kazi za mikono ambazo zilikuwa adhabu wakati wa kiangazi hufanyika kwa nafuu. Badiliko jingine ni mawingu.

Kwa wastani, Jeddah hupata mvua ya takriban milimita 50 kwa mwaka. Kiasi hicho Nairobi huweza kukipata katika siku chache tu za masika. Sehemu kubwa ya mvua ya Jeddah hunyesha kati ya Novemba na Januari. Lakini wastani unaweza kumpotosha asiyeangalia vyema. Miaka kadhaa inaweza kupita bila mvua ya maana, kisha mvua ya mwaka mzima au zaidi ikashuka katika asubuhi moja. Anayesikia "milimita 50 kwa mwaka" huwaza manyunyu machache, ilhali mkazi wa Jeddah hana budi kuwaza gharika.

Chanzo cha Mvua

Mvua hizo zina maelezo ya kisayansi. Kuanzia mwezi wa Oktoba, upepo wa kaskazini-magharibi huvuma katika nusu ya kaskazini ya Bahari ya Shamu, na katika nusu ya kusini upepo huvuma kutoka kusini-mashariki. Pepo hizi mbili hukutana katikati ya bahari, si mbali sana na kusini mwa Jeddah. Wakati huohuo, ukanda wa kanieneo ya chini hujinyoosha kutoka upande wa Sudan kuelekea kaskazini juu ya bahari hiyo, na hewa yenye unyevu huvutwa kutoka kusini.

Kwa siku nyingi mkutano huo wa pepo hauzai kitu. Mambo hubadilika pale hewa baridi ya tabaka za juu inaposhuka kutoka upande wa Mediterania na kupita juu ya hewa yenye joto iliyo karibu na bahari. Mwezi wa Novemba maji ya Bahari ya Shamu karibu na Jeddah bado yana joto la takriban nyuzi 28 au 29, kwa kuwa bahari huchelewa kupoa kuliko nchi kavu. Hewa ya chini ikiwa na joto na unyevu, na ya juu ikiwa baridi, ile ya chini hupanda kwa nguvu. Milima ya Hijazi iliyo mashariki mwa jiji huizidishia hewa hiyo msukumo wa kupanda. Matokeo yake ni mawingu marefu ya radi ambayo humwaga maji mengi katika eneo dogo na kwa muda mfupi. Hii ndiyo sababu mvua za Jeddah huja mwishoni mwa mwaka, wakati bahari ingali na joto na hewa ya juu imekwisha kuanza kupoa.

Hapa ndipo neno "vuli" linapopata uhalali usiotarajiwa. Mtafsiri analitumia kwa Ulaya kwa sababu ya miezi tu, ingawa mvua za huko hazifanani na vuli anayoijua msomaji wake. Kwa Jeddah, miezi na maana ya msingi ya neno vinakubaliana: ni mvua fupi za mwisho wa mwaka baada ya kipindi kirefu cha ukavu. Tofauti ni kwamba vuli ya Ukambani huenea kwa majuma, na vuli ya Jeddah huweza kumalizika kwa saa chache.

Ardhi Isiyonywa Maji

Kiswahili husema kwamba maji hufuata mkondo. Methali hii kwa kawaida hutumiwa kueleza tabia za watu, lakini kwa Jeddah inafaa kusomwa kwa maana yake ya wazi. Jiji limejengwa katika uwanda mwembamba kati ya milima na bahari. Kutoka milimani hushuka mabonde kadhaa makavu ambayo tangu kale ndiyo njia ya maji kuelekea baharini. Udongo wa mabonde hayo umekauka na kushikana, mimea ya kuyazuia maji ni michache, na mvua inaponyesha kwa kishindo maji hayapati muda wa kuzama ardhini. Hukusanyika, hupata kasi na kushuka.

Mji wa kale wa Jeddah, wenye nyumba za mawe ya matumbawe zinazomkumbusha Mswahili nyumba za Lamu, ulikuwa mdogo na ulikuwa karibu na bahari. Kuta zake zilibomolewa mnamo 1947, na baada ya hapo, kwa nguvu ya utajiri wa mafuta, jiji lilitanuka haraka mno hata sasa lina wakazi zaidi ya milioni 3. Lilitanuka kuelekea kaskazini na kusini, na pia kuelekea mashariki, ndani ya njia za maji zenyewe. Viwanja vilipimwa, barabara zikawekwa lami na nyumba zikajengwa mahali ambapo maji hayakuonekana kwa miaka mingi, huku mifereji ya kupitisha maji ya mvua ikikosekana katika sehemu kubwa ya jiji.

Novemba 25, 2009

Siku ya Jumatano, Novemba 25, 2009, ilikuwa tarehe 8 Mfunguo Tatu, siku ambayo mahujaji huelekea Mina kuanza ibada za Hija. Asubuhi hiyo mvua kubwa ilinyesha Jeddah. Taarifa za wakati huo zilitaja takriban milimita 90 kwa muda wa saa nne hivi, kiasi kinachokaribia mara mbili ya wastani wa mwaka mzima. Maji yaliyoshuka kutoka mabondeni yalivamia mitaa ya mashariki na kusini, ukiwamo mtaa wa Quwaizah. Magari yalisombwa na kurundikana, na barabara za chini zikageuka mito. Watu zaidi ya 120 walipoteza maisha. Wengi wao walikuwa wakazi wa jiji waliokutwa majumbani au barabarani.

Kiswahili kina msemo "kufa maji" kwa mtu aliyezama. Kwamba watu wengi kiasi hicho walikufa maji katika jiji la jangwani ni jambo lililowashangaza wengi ulimwenguni. Mshangao huo una chanzo chake katika lugha. Neno "jangwa" limezoeleka kuwa kinyume cha maji, na msikilizaji hulipokea kama hakikisho kwamba mafuriko hayawezi kutokea.

Maafa hayo hayakuwa ya mwisho. Mnamo Januari 26, 2011 mvua nyingine kubwa ililikumba jiji na kuua watu. Baada ya hapo mabwawa ya kuzuia maji na mifereji ya kuyapeleka baharini ilijengwa. Kisha, mnamo Novemba 24, 2022, mvua ya milimita 179 ilinyesha kusini mwa Jeddah kati ya saa mbili asubuhi na saa nane mchana. Hicho ni karibu maradufu ya kiasi kilichotajwa mwaka 2009. Safari hii tahadhari ilikuwa imetolewa, shule zilifungwa, na barabara ya kwenda Makka ilifungwa kwa muda. Watu 2 walifariki. Mvua mbili hazilingani kwa kila hali, wala hazinyeshei mitaa ileile. Hata hivyo, tofauti ya idadi ya waliokufa ni kubwa mno kuelezwa kwa mvua peke yake.

Wadi, Laga na Korongo

Njia kavu ya maji jangwani huitwa wadi kwa Kiarabu. Katika tahadhari za Saudi Arabia, agizo linalorudiwa zaidi ni kuwataka watu wasivuke wala kukaa ndani ya wadi wakati wa mvua. Agizo hilo likitafsiriwa kwa Kiswahili bila uangalifu, mtafsiri anaweza kuliacha neno kama lilivyo, kwa kudhani kwamba maneno ya Kiarabu hueleweka kwa urahisi kwa Waswahili. Hapo atakuwa amekosea, kwani kwa msomaji wa Kenya "wadi" ni chumba cha wagonjwa hospitalini au eneo la uchaguzi linalomchagua mwakilishi wake. Tahadhari isemayo "Epukeni wadi zote" itamfikia ikiwa imepoteza maana kabisa.

Jambo hili si la kubuni ugumu usiokuwapo. Maelfu ya Wakenya hufanya kazi Saudi Arabia, na kila mwaka mahujaji kutoka Afrika Mashariki hushukia Jeddah. Katika miaka ya hivi karibuni hotuba ya Arafa imekuwa ikitafsiriwa kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo. Lugha inayotumiwa kuwafikishia watu mawaidha inapaswa pia kuwafikishia tahadhari.

Neno mwafaka lipo tayari. Katika kaunti za kaskazini mwa Kenya, njia ya maji iliyo kavu sehemu kubwa ya mwaka huitwa laga, neno lenye asili ya Kioromo. Wakazi wa Lodwar wanaijua laga ya Kawalase, ambayo hukaa ikiwa mchanga mtupu kisha hufurika ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali. Kwa msomaji asiyeijua laga, "korongo" laweza kutumika, likiongezewa maelezo mafupi. Sentensi kama "Usivuke korongo la maji, au laga, hata likiwa kavu" inaeleweka Lodwar, Lamu na hata Tanzania.

Ufafanuzi wa "hata likiwa kavu" ni wa lazima. Husemwa kwamba dalili ya mvua ni mawingu, lakini katika laga na wadi mtu anaweza kufikiwa na maji ilhali mbingu iliyo juu yake ni nyeupe, kwa kuwa mvua imenyesha milimani. Anayesubiri kuona wingu juu ya kichwa chake huchelewa.

Nani Mtendaji wa Sentensi?

Suala la mwisho ni la kisarufi. Habari za maafa kama yale ya 2009 huandikwa mara nyingi kwa sentensi za aina hii: "Mvua yaua watu Jeddah." Katika sentensi hiyo kiima ni mvua, na mvua ndiyo inayobebeshwa kitendo. Mwandishi mwingine atasema "Watu wauawa na mafuriko", au ataita tukio hilo "maafa ya asili". Miundo hii ni sahihi kisarufi, lakini inamwacha nje yule aliyeidhinisha viwanja katika njia ya maji na yule aliyelipwa kujenga mifereji ambayo haikujengwa.

Wakazi wa Jeddah wenyewe hawakuridhika na muundo huo. Malalamiko yalienea, na mnamo Novemba 30, 2009 Mfalme Abdullah aliunda tume ya uchunguzi chini ya gavana wa Makka, Khalid al-Faisal, akaamuru pia familia za waliokufa zilipwe fidia. Baadhi ya maafisa na wakandarasi walifikishwa mahakamani. Kwa lugha ya sarufi, watu walidai mtendaji wa kweli arudishwe katika sentensi.

Mwanafunzi wa Kenya ana sababu ya kulizingatia hili. Mvua za vuli zinapozidi, kama ilivyokuwa mwaka 1997, 2019 na 2023, vyombo vya habari vya nyumbani hutumia miundo ileile. Kudra ya Mungu huleta mvua, lakini si kudra inayotia sahihi hati ya kiwanja kilicho kingoni mwa mto.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mwisho wa majira yanayofuata kiangazi katika jiji la jangwani hauna majani yanayopukutika wala baridi ya kutetemesha, bali una mvua za nadra na za ghafla zinazotokana na bahari yenye joto, hewa baridi ya juu na milima iliyo karibu. Kwa hivyo, inapendekezwa kwamba "majira ya kupukutika majani" yatumiwe kwa nchi ambazo majani hupukutika kweli, na "vuli" itumiwe pale ambapo mvua fupi za mwisho wa mwaka ndizo zinazotambulisha majira, kama ilivyo Jeddah. Inapendekezwa pia kwamba neno "wadi" lisiachwe bila maelezo katika tahadhari yoyote inayoandikwa kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, na kwamba "laga" lipewe nafasi yake katika kamusi na katika madarasa ya tafsiri.

Kwa zoezi, wanafunzi wachukue tangazo lolote la tahadhari ya mvua kutoka nchi ya jangwa na kulitafsiri kwa ajili ya mtu wa Kenya anayewasili huko kwa mara ya kwanza. Kila neno lipimwe kwa swali moja: msomaji akilifuata kama lilivyoandikwa, je, atakuwa amesimama mahali salama maji yatakaposhuka?